Fadhila na Diski za Harusi

Siku Shakuru alipomwona Fadhila kwa mara ya kwanza, dada huyo alikuwa amepiga magoti sakafuni katika studio ya video ya Khaled, pale mtaa wa Asiatique, Bujumbura, akitenganisha nyaya za diski za kompyuta kama mama anayefumua nywele za mtoto. Shakuru, mlinzi wa mlangoni, ni mtu wa kusalimia kwa kichwa tu.

"Kaka, we unaniangalia tu? Shika hapa."

Akashika.

Diski zile zilikuwa akiba ya video za harusi zote zilizopigwa na studio. Hakuna kitu Khaled anachokiogopa kama lawama za ukoo, hivyo harusi moja iliwekwa nzima kwa upande wa bibi, nzima tena kwa upande wa bwana, na nzima nyingine kwa shangazi aliyenuna. Zikajaa pomoni. Fadhila akaleta mpango mpya wa kuhifadhi mafaili: kinachofanana kinawekwa mara moja, na kila ndugu anaelekezwa hapo hapo. Lakini kuhamia huko kulitaka kila diski imwagwe kwenye nyingine, ifutwe, ipangwe upya, ijazwe, kisha ikaguliwe.

Alidhani ni kazi ya kupita. Mumewe, Abdu, alikuwa amepata kazi katika mji wa Rumonge na alikuwa akimngoja. Begi la Fadhila lilikuwa tayari chini ya meza. Khaled akamwambia ataondoka akimaliza, au akipatikana wa kumwachia.

Umeme ndio uliomfunga. Ukikatika katikati ya ukaguzi, ukaguzi unaanza upya. Kurudi kwenye mpango wa zamani nako hakukuwezekana, maana diski kadhaa zilishafutwa, na harusi za watu zilikuwa nusu huku, nusu kule. Yeye peke yake ndiye aliyejua ipi iko wapi. Majirani wa duka wakamtania kwamba ameolewa mara ya pili, na bwana mdogo ni wa chuma. Mwanzoni alicheka. Baadaye simu ya Abdu ikawa inaita, naye anaigeuza kifudifudi mezani. Begi likashika vumbi.

Shakuru alikuwa akimbebea betri za taa. Siku moja, badala ya kurudi mlangoni, alivuta kiti.

"Umeme ukikatika, unaanza na nini?"

Fadhila alimtazama sana, kisha akamwonyesha. Akamwonyesha tena kesho yake, na siku nyingi baada ya hapo, mpaka Khaled akamwona mlinzi wake akianzisha ukaguzi peke yake. Khaled akasema basi, dada aende; ila Shakuru asitoke tena humo mpaka kazi iishe. Jioni zake za baraza kule mtaani kwake, Buyenzi, zikaishia hapo.

Fadhila akavuta begi, akalipangusa. Alisimama mlangoni, pale pale Shakuru alipozoea kukaa.

"Kaka Shakuru," akasema, "na we usichelewe kutafuta mutu wa kumufundisha."