Fukua, Fukia

Ndege ndogo ya polisi iliinamisha pua ikitua kwenye uwanja wa udongo karibu na Siakago. Pangaboi likachapa ardhi, injini ikazima. Rubani alitoka bila mkwaruzo. Mimi nilikuwa makanika wa malori mjini Embu, Mwislamu wa Majengo, na kwa kuwa siku zile za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waasi, sisi tuliruhusiwa kutembea zaidi kuliko wenyeji, nilichukuliwa kumsaidia fundi Mzungu aliyeletwa kutoka Nairobi. Nasema nilichukuliwa, maana hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi.

Asubuhi ya kwanza nilichemsha chai na mfyekaji wa uwanja, Mmbeere wa makamo, mcheshi. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi na kuziba mashimo ya mhanga, yule mnyama anayechimbua vichuguu akitafuta mchwa. Aliziba shimo moja kubwa, mvua ikanyesha, udongo ukalegea, na gurudumu la ndege likazama hapo. Ndiyo habari yote. Tulipomaliza chai aliniambia, "Fundi, fukua hiyo moto na mchanga." Nikaufukia, nikicheka moyoni.

Fundi Mzungu alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Alinifundisha kwamba injini iliyogongesha pangaboi chini haiaminiwi kwa macho. Krankshafti, ule mhimili unaozungusha pangaboi, huenda imepinda kiasi ambacho jicho halioni, au ina ufa mwembamba, na siku itakapokatika mko angani. Tukafungua pangaboi, tukafunga saa ya kupimia kwenye ncha ya krankshafti, nikaizungusha polepole kwa mkono, yeye akitazama mshale. "Tena," akasema. Nikazungusha tena. Tukachuja oili kutafuta chembe za chuma. Tukapaka mafuta ya taa, tukayafuta, tukanyunyiza unga wa chaki, kwa sababu penye ufa mafuta hurudi juu yakachora mstari. Hapakuwa na mstari. Akaamuru turudie.

Tulikuwa katika kazi hiyo ofisa wa polisi alipofika, kijana wa Kizungu aliyenyooshwa pasi hadi soksi. Akamwita mfyekaji mbele yetu sote.

"Wewe ulifanya nini hapa?"

"Mimi nilifukua shimo, bwana. Nilifukua yote, hata ile kubwa. Na hii mikono yangu."

Alisema kwa fahari, masikini, akidhani atasifiwa. Ofisa akageukia askari wake akawaambia wamesikia wenyewe, mtu amechimba shimo ili aangushe ndege. Siku zile neno kama hilo lilitosha kumfikisha mtu kitanzini. Wakamfunga mikono.

Niliweka spana chini. "Bwana, huyu akisema fukua ana maana ya fukia. Alifunika shimo, hakuchimba. Kwao ni Kimbeere, Kiswahili alikiokota soko la Gachoka."

Ofisa akatabasamu. "Mimi nimefaulu mtihani wa Kiswahili. Kufukua ni kuchimba. Au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Kiswahili chake hakikuwa na kosa hata moja, na mpaka leo sijui kama nimewahi kumchukia mtu kwa kusema sawasawa namna ile.

"Muulize tena, bwana. Muulize kwa Kimbeere."

"Mtu akishakiri haulizwi mara mbili."

Mfyekaji alituangalia kwa zamu, haelewi tunabishania nini. Askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki nirudi kwenye chuma changu. Nikarudi, nikaishika tena krankshafti. Fundi akainama kwenye saa yake ya kupimia.

"Tena," akasema.

Mjini watu walisema ulimi uliponza kichwa. Naichukia methali hiyo. Inamlaumu aliyekosea irabu moja, na kumwacha mwenye kamba aende zake akanywe chai.

Pangaboi jipya lilipoletwa tulilifunga. Ikabaki kuijaribu ndege angani, na rubani alitaka uzito wa mtu kiti cha nyuma. Fundi akasema yeye kazi yake inaishia chini. Ofisa akasema apandishwe mfungwa, kwani hata hivyo anatakiwa mahakamani Nyeri, na injini ikifa njiani serikali itakuwa imeokoa kamba. Askari wakacheka. Rubani hakucheka.

Walipomleta, alisimama hatua chache kutoka kwenye ndege, hataki kusogea. Mahakama hakuiogopa. Alikuwa na hakika huko atapata mtu mzima wa kumsikiliza, aeleze upya jinsi alivyofanya kazi. Kilichomtisha ni ndege.

"Fundi, hii kitu haitaanguka na mimi? Mliangalia vizuri?"

"Tumeangalia, mzee. Tumerudia na kurudia."

"Iko sawa kabisa?"

"Wallahi, iko sawa."

Uso ukamlegea. Mikono ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akanishukuru kwa kuinamisha kichwa. "Basi nitafika," akasema, akajipandisha mwenyewe bila kusukumwa.

Injini haikukohoa hata mara moja. Ilimfikisha salama, wakamnyonga.