Katekista Joakim na Sala ya Maige

Hapa Dutwa, Katekista Joakim hakujulikana kwa ufasaha. Aliishia darasa la nne, analima pamba kama sisi, na miaka yote alipotuongoza sala za jumuiya alikuwa anababaika. Lakini alikutaja wewe. "Bwana, yule mbuzi wa Ndaki mwenye pembe moja, unamjua." Watu walibana vicheko, ila Ndaki alirudi nyumbani akijua ameombewa yeye.

Mwaka jana binti yake aliyeko Mwanza akamletea simu yenye ile akili bandia inayokuandikia maneno. Sala zikanyooka. Watu wakasifu, "Sasa tuna katekista kama padri!" Mimi nilimwona anavyosoma, kidole kwenye kioo, macho hayatuangalii tena.

Mwanangu Maige ana miaka miwili, na mguu wake wa kushoto umepinda tangu kuzaliwa. Jumatatu tulikuwa tunakwenda Mwanza akafanyiwe upasuaji. Jumamosi jumuiya ikaja kwangu kumwombea. Wiki nzima nilikuwa na hofu, nikitaka tu kusikia mtu akimweleza Mungu habari za mguu ule.

Joakim akavaa miwani, akasoma: "Ee Mungu mwenye nguvu, uwafukuze maige katika nchi yetu. Uivunje miguu yao, wasiruke tena."

"Amina," wakaitikia wawili watatu, kwa mazoea tu.

Nikamvuta mwanangu kifuani. "Baba Katekista, umesoma nini?"

Akarudia kimya kimya, midomo ikicheza. "Nisamehe, mayu, nisamehe mama. Niliieleza simu maana ya jina, kwamba kwa Kisukuma maige ni nzige, ili sala ipendeze. Yenyewe ikadhani tumevamiwa."

Jirani yangu Debora akacheka mpaka khanga ikamdondoka. "Usikasirike, mama Maige. Mungu alisema kwa kinywa cha punda wa Balaamu, atashindwa simu?"

"Punda alimwona malaika," nikamjibu. "Hiyo simu imemwona nani? Hata Maige haijamwona."

Joakim akaandika upya. Sala ya pili haikuwa na kosa: mguu umo, daktari yumo, na tumaini lisilotahayarisha limo. Wote wakaitikia. Mimi amina ilinikwama. Nilijiona mkorofi, maana nani anakataa sala? Lakini tumaini la kitu kisichojua kuogopa, mimi nilishindwa kulishika.

Jumatatu asubuhi akatufuata kituoni kwa baiskeli, jasho linamtoka. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, huku anapapasa mfuko kutafuta simu.

"Iache, baba. Sema mwenyewe."

Akafungua mdomo, akaufunga. Kondakta akapiga bodi. "Mama, panda! Hatuna siku nzima!" Nilitamani kulia. Mtu aliyeweza kumwombea mbuzi, leo hana neno kwa mtoto!

Mwishowe akaushika ule mguu kwa mikono yake yenye sugu za jembe, akauinua kidogo, kama anamwonyesha mtu aliye mbele yake.

"Bwana," akasema. "Huu hapa."

Basi likaanza kutembea nikiwa mlangoni. Nilikaa na hasira zangu: alingoja nini mpaka tufokewe na kondakta? Amina yenyewe niliisema njiani, pale Lamadi, basi liliposimama wakipakia samaki, nimeushika mguu palepale alipoushika yeye, na bado nimenuna.