Kaseti ya Mama Adelina

Mama Adelina aliimba opera Ulaya miaka mingi, na aliporudi Temeke, mie nikapewa kazi ya kumsifu ukumbini kwenye sherehe ya kumpokea, na kupiga kaseti ya nyimbo zake. Siku moja kabla ya sherehe, nilitaka kusikia ninavyohutubia. Kaseti nyingine sina, basi nikaziba kwa karatasi vile vitundu vya ile yake vinavyozuia kurekodi juu yake, nikajirekodi upande niliodhani mtupu.

Ukumbini nikasema sauti yake imeniliza. Nikawasha redio, ila sikukumbuka nilirekodi upande upi. Akaimba kidogo tu, kisha ukumbi mzima ukanisikia mie, nikiongea na mke wangu nyumbani kabla ya kuanza kuhutubia:

"Mke wangu, kaseti yenyewe sijaisikiliza. Nitasema nimelia."

Mama Adelina akanipa leso yake. "Futa machozi, mwanangu."