Mulango wa Auditoire ya Droit

Siku yangu ya kwanza kwenye fakulte ya droit, pale wanasoma sheria, doyen, ndiye mukubwa wa fakulte, alinipa ufunguo na neno moja tu: "Papa Anselme, saa mbili kamili unafunga mulango wa auditoire. Hata mama yako akichelewa, anabaki inje."

Nilikuwa planton: mutu wa kubeba chaki, kupanga makaratasi ya mitihani, ndiyo examen, na kufunga mulango wa auditoire, kile chumba kikubwa cha masomo. Masomo nilikomea mwaka wa ine wa primaire kule Masisi. Ng'ombe za baba zilinihitaji kuliko mwalimu. Moja ilikuwa na pembe iliyovunjika, haikusikia mutu isipokuwa mimi. Lakini tuache ng'ombe.

Ninyi munaosoma droit leo, mujue wakati wetu ilikuwa graduat miaka tatu, licence miaka mbili, kisha stage, ndiyo kujizoeza, kwa avocat mukubwa, ndipo unaapa kuwa wakili. Mimi niliyafuata yote kutoka kiti changu pembeni ya mulango. Nilijua kama mwenye kudai ndiye analeta ushahidi. Siku moja bibi yangu wa ndoa alidai nimepoteza kuku yake, nikamwambia hiyo sheria. Nilikaa siku mbili bila kupikiwa.

Kuna siku niliachilia mwanafunzi mumoja aingie akiwa amechelewa. Doyen akaniandikia barua ya onyo. Toka hapo nilianza kufunga mbele kidogo ya saa, juu ya woga. Hilo ndilo kosa langu.

Vita ikaja. Bombe zikaanguka upande wa Kibumba, watu wakashuka Goma na magodoro kichwani. Asubuhi ya examen ya mwisho ya droit civil, nikaona Furaha, binti wa walima kabichi wa Kibumba, anakimbia uwanjani, matope mpaka magoti. Saa yangu ilibakiza dakika moja. Nilimuona vizuri. Nikafunga.

Akagonga mpaka profesa akatoka.

"Mademoiselle, umechelewa. Rudi mwaka kesho."

"Profesa, ni force majeure," akasema, maana yake jambo linalokupita nguvu. "Bombe zilitufukuza. Nilimubeba tate, mama ya mama yangu, mpaka kambi ya wakimbizi, ndipo nikakuja na miguu."

"Nani anashuhudia? Mwenye kudai analeta ushahidi, nilikufundisha mimi mwenyewe."

Tate wa Furaha alikuwa kambini, hawezi kusimama. Shamba lilikuwa mikononi mwa askari, na ni lile shamba lililomusomesha. Kwake yeye, mwaka kesho haukuwako.

"Mimi nashuhudia," nikasema.

Profesa akacheka. "Planton, wewe utashuhudia nini?"

"Kama hakuchelewa. Nilimuona anakuja, nikafunga mbele ya saa."

Kicheko kikaisha. "Unajua doyen atafanya nini?"

"Ataandika barua ya pili, Profesa. Ya tatu ndiyo inafukuza."

Akaangalia saa yangu, akaangalia ile miguu ya Furaha yenye matope. "Nawa, uingie," akamwambia.

Barua ya pili ilikuja kweli. Ninayo mpaka leo.

Siku ya proclamation wanasoma majina mbele ya familia zote; aliyeanguka hasikii lake. Aliyepita, watu wake wanamumwagia poda nyeupe kichwani. Furaha alisikia lake, na distinction, ndiyo alama nzuri sana. Wengine wakavamiwa na mama zao. Yeye akakuja pale mulangoni na kopo la poda.

"Papa Anselme, tate hawezi kutembea. Nimwagie wewe."

Nikainamisha kopo kwa nguvu. "Papa, macho!" akalia, huku anacheka.

Miaka ikapita. Siku niliyorudisha ufunguo juu ya uzee, maneno ya doyen mupya yalikuwa mafupi, juu ya mvua. Ndipo akaingia Furaha, sasa ni Maître, ndiye wakili, na toga nyeusi ya kortini, na kopo la poda. Nikakimbilia nyuma ya kiti.

"Maître, acha! Mimi sina diplome!"

"Simama, Papa. Kozi zote ulizifuata, na hukuchelewa hata siku moja."

Akamwaga kopo lote.

Mvua ilipoisha, nilirudi nyumbani Keshero na miguu, kichwa cheupe kwa poda. Watoto wa avenue, ile njia yetu, wakanifuata: "Muzee, umepata nini?"

"Satisfaction," nikawajibu, ile alama ya mwenye kupita kwa shida. Nikaendelea pole pole, ili upepo wa ziwa usiipeperushe yote mbele ya bibi yangu kuiona.