Jumapili Ambayo Kwari Hazikulipua

Siku ya kwanza kazini tulikuwa wanne: Mkuu wa Kituo, Fundi wa Mitambo, Kamau dereva aliyenitoa mtaa wa Landless, Thika, na mimi Maina, niliyeacha shule darasa la saba wazazi walipofariki wakaniachia wadogo watatu.

Kituo kilikuwa kibanda cha mawe nje ya Ruiru. Ndani mlikuwa na sismografu, mtambo wa kupima mitetemo ya ardhi. Kalamu yake huchora mstari kwenye karatasi iliyoviringishwa juu ya pipa. Kila asubuhi nilibadilisha karatasi, kisha nikazipigia simu kwari za Thika, machimbo ya mawe, kuuliza wamelipua mawe saa ngapi, mlipuko wao usije ukadhaniwa ni bomu la nyuklia la nchi ya mbali.

"Mtoto akiruka kamba hapa, kalamu inaruka," Mkuu aliniambia. "Ndugu zako wabaki Thika."

"Na bibi je, Mzee?" Fundi akauliza. "Akiwa mwembamba?"

"Huyu ameshaoa kalamu."

Wadogo wangu wakabaki Thika, Wambui aliyenifuata akiwalea wenzake wawili. Miaka yangu pale niliongea zaidi na kwari kuliko na watu wetu.

Jumapili moja kalamu ilichora mtetemo mkali. Kesho yake nikapiga simu.

"Jana tulikuwa kanisani, bwana," karani wa kwari akacheka. "Labda ni shetani amelipua."

Wiki hiyo redio ikasema nchi moja yenye usiri mwingi inashukiwa kujaribu bomu. Yenyewe ilikana. Mkuu akaja mwenyewe mezani pangu.

"Andika ni kwari."

"Kwari hawakulipua, Mzee."

"Hao ni marafiki wa serikali. Ujumbe wao unafika Ijumaa kutia sahihi mkataba wa barabara. Wewe ni nani uwaharibie?"

Nilimfikiria Wambui, aliyekuwa ameanza chuo cha uuguzi kwa mshahara wangu. Nikaandika: kwari hazikulipua. Nikatia sahihi.

Nilihamishiwa stoo Thika, mshahara ukashuka. Wambui akaacha chuo ili wadogo wabaki shuleni. Nilikuwa nimekula kiapo cha siri, kwa hiyo nikamwambia nilimjibu mkubwa vibaya.

"Kiburi chako, Maina, ndicho kilichokula chuo changu," akasema.

Sasa nimestaafu. Karatasi ile sijui iliishia wapi. Ningeandika vilevile tena. Lakini Wambui anauza mitumba Ruiru, magoti yanamuuma, na nikimtembelea hunipakulia mimi kwanza. Ananidai maelezo ya kweli, na mpaka leo sijampa.