Litungu la Babu Limeitikia

Jamani, leo mwalimu wa kwaya amemkemea nyanya yangu kwa kosa la ukuta!

Mvua ya Kakamega ilikataa kuisha, mazoezi yakahamia sebuleni kwetu.

Sasa, kila mwalimu akiinua mkono tunyamaze, sauti moja inabaki.

Mmmmm.

"Nyanya, nikisema basi ni basi. Ama Jumapili utaketi tu usikilize wenzako?"

Nyanya akasema si yeye. Nani wa kumwamini?

Tukarudia. Mkono ukainuka. Nyanya akajiziba mdomo na leso, wote tukimwona.

Mmmmm.

Dada mmoja wa soprano alitimka nje na viatu mkononi 😂

Kumbe ni litungu la marehemu babu, ala yake ya nyuzi, lile alilopiga kwenye sherehe za uhuru. Linaning'inia ukutani, na tangu tumzike limefunikwa kitambaa. Asubuhi nilikitoa nikifue.

Tukajaribu mmoja mmoja. Mwalimu akaimba sauti yake: kimya. Mimi: kimya.

Nyanya akaimba yake, polepole. Uzi mmoja ukatetemeka, tukauona kwa macho, ukamwitikia.

Mwalimu akatueleza: uzi ukikazwa ulingane na sauti fulani, sauti hiyo ikiimbwa karibu huutikisa bila kuguswa.

"Najua," nyanya akasema. "Babu yako alikuwa ananiambianga niimbe kwanza, ndio akaze uzi."

Mwalimu aliomba msamaha akiwa amesimama.

Wewe ungebaki ama ungekimbia?

Jioni nimekuja na kitambaa, nilifunike tena.

"Wacha kwanza," nyanya ameniambia. "Bado tunaongea."