Penalti ya Macho Yaliyofungwa

Tuliwashinda watu wa Salamabila na goli ni yangu: hiyo isemwe kwanza. Musimu muzima penalti zangu zilikuwa zikiishia mu mihogo ya watu. Hata muke wangu aliacha kuniuliza matokeo. Kapiteni akanishauri: «Wee unamuangalia sana golikipa. Funga macho, upige.»

Jana nikayafunga, nikapiga. Goli! Wamama wakaingia uwanjani na vigelegele. Macho yangali yamefungwa kwa furaha, nikamukumbatia wa kwanza kunifikia, nikamuinua, nikamuzungusha.

Uwanja ukanyamaza. Nikafungua macho. Mikononi mwangu iko mama mukwe, ambaye kwetu hata kumupa mukono ni mwiko.

«Mukwe wangu,» akasema polepole, «goli nimeliona. Sasa unishushe.»